Unaniogopa mimi?

Tangu Jumapili swali la wifi yangu limenikaa rohoni. Nimekwenda nalo kazini, nimelala nalo mchana baada ya zamu, nimeamka nalo. Wiki hii baba watoto ameapishwa uraia na binti yetu mkubwa amepata barua ya chuo, mambo ambayo siku nyingine ningeyaandika mpaka mkono uchoke, lakini kila nikikaa kuandika kinachotangulia ni yale maneno mawili niliyoambiwa mlangoni.

Tulifika kwake alasiri. Watoto wakatangulia ndani. Yeye akanipokea kama anavyonipokea siku zote, kwa kunikumbatia kwa nguvu na kunitikisa kidogo. Nilikuwa nimevaa dera, na ndani ya dera ule mkanda mpana wa tumboni ninaouvaa siku hizi. Mkono wake ukapita ubavuni kwangu, ukasita.

"Wifi, hiki kigumu nini?"

"Bastola."

Akaniachia, lakini hakurudi nyuma. Akanitazama usoni, akauliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Unaniogopa mimi?"

"Siwezi kuiacha kwenye gari," nikamjibu.

Akasema karibuni ndani. Tukala, tukazungumza habari za kiapo, tukacheka hata. Mwanawe mdogo, yule ambaye nikikaa tu huja kunipanda mapajani, akaja kama kawaida yake. Wifi akamwita jikoni. Mtoto akaenda, akarudi, akaitwa tena. Nikainuka mwenyewe nikahamia kiti cha peke yake karibu na dirisha, na hakuna aliyesema kitu.

Jibu nililompa ni la kweli. Silaha nyingi zinazoibiwa Marekani huibiwa ndani ya magari, na siku ile tulikwenda na gari la baba watoto, ambalo halina sefu. Sefu yangu ndogo iko kwenye gari langu, imefungwa kwa waya wa chuma kwenye reli ya kiti. Kwa hiyo ndiyo, nisingeweza kuiacha. Lakini wifi hakuuliza ningeiacha wapi. Aliuliza kama namwogopa, na mimi nikamjibu habari za gari.

Yale ya maegesho ya kazini, yaliyonitisha asubuhi moja kati ya gari na mlango, wengi mnayajua, sitayarudia. Nitasema tu kwamba baada ya asubuhi ile sikutaka tena kuwa mtu ambaye usalama wake wote umo katika mbio zake. Hapa Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni yoyote. Wengi waliniambia basi, nunua ubebe, darasa la nini? Mimi nikaenda darasani. Sababu ya kwanza ni shule ya wadogo. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na miongoni mwa wachache wanaosamehewa ni mwenye leseni ya jimbo hilo. Mimi napita mbele ya shule ile kila siku ya masomo. Bila leseni ningekuwa navunja sheria ya Marekani nikiwa napeleka watoto kusoma.

Sababu ya pili ni kwamba nilitaka mtu anifundishe, anipime, aniambie sijui kama sijui. Darasa ni la saa nne mpaka sita. Sheria yenyewe imetaja yatakayofundishwa: sheria za silaha na za matumizi ya nguvu ya kuua, usalama wa bastola, namna ya kumaliza ugomvi bila kupigana, na namna ya kuhifadhi silaha mbali na watoto. Kisha unalenga shabaha kwa risasi 50, yaani 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15. Alama zote ni 250, ukipata 175 umefaulu. Mimi nilifaulu vizuri na nilifurahi sana, furaha ya kweli, kama siku nilipofaulu mtihani wa uuguzi.

Wanaoniuliza kama mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa: anaruhusiwa. Anajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua silaha dukani, kama kila mnunuzi, anaandika namba yake ya uhamiaji, na ukweli wote, maana kudanganya kwenye fomu ile ni kosa kubwa la shirikisho. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi.

Kilichobaki kilikuwa kuamua kama ni ya kukaa nyumbani au ya kubeba, na kama ni ya kubeba, ni lini. Mwanzo niliwaza niwe nabeba siku za zamu ya usiku tu. Mwalimu alinisikiliza, akasema, "Siku utakayoihitaji haitakutumia ujumbe." Lakini hicho sicho kilichonishawishi. Kilichonishawishi ni mikono. Ajali nyingi hutokea wakati wa kuishika, kuivaa na kuivua. Anayeibeba leo na kuiacha kesho anaishika mara nyingi zaidi, tena kila mara kwa namna tofauti, na siku moja atasahau kama ina risasi chemba, yaani tayari kufyatuka, au haina. Mimi nataka iwe na hali moja tu, kila siku, ili mikono yangu ijue.

Sare zetu za kazi zina kiuno cha kamba, hazibebi hata simu nzito. Ndiyo maana ya mkanda wa tumboni. Ndani yake bastola hukaa katika ganda la plastiki ngumu linaloziba triga, yaani kifyatulio, yote, kwa sababu kitambaa kitupu kinaweza kujikunja na kuibonyeza. Nikiivaa, naivaa pamoja na ganda lake, sichomeki bastola kwenye ganda lililokwisha kuwa mwilini. Nikifika kazini ganda na bastola vinatoka pamoja, vinaingia sefuni pamoja. Kidole hakigusi triga hata kidogo. Mlangoni pa kazini kuna lile tangazo la kifungu 30.06, linalomkataza mwenye leseni kuingia na bastola aliyoificha, Kiingereza na Kihispania, herufi za inchi moja, na sina ugomvi nalo. Wodini kuna wagonjwa wanaoamka usiku hawajui waliko. Sheria ya mwaka 2011 inaniruhusu niiache ndani ya gari langu nililolifunga, kwa hiyo kipande kilekile cha njia kilichonitisha, kutoka gari mpaka mlango, bado nakipita mikono mitupu. Siku hizi namwomba mlinzi anisindikize, naye husindikiza.

Narudi kwa wifi. Nimemjibu mara nyingi wiki hii, nikiwa naendesha gari, nikiwa nabadilisha mashuka. Jibu moja ni hili: "Wifi, sikuogopi. Naibeba kila siku ili nisiwe na kazi ya kuamua kila asubuhi leo nimwogope nani." Naliamini jibu hili. Kama ningeivua kwa sababu nakwenda kwake na kuivaa kwa sababu nakwenda kwingine, ningekuwa nimewagawa watu wangu mafungu mawili kichwani, na siku ambayo ningekwenda nayo kwa mtu, mtu huyo angekuwa na haki ya kuuliza alichouliza.

Lakini namsikia pia akinijibu. Anasema, sawa wifi, wewe umeamua, na mimi nani aliniuliza? Mtoto wangu analala kwenye kifua chako.

Hapo sina la kusema. Naye hajui niliyoyajaza kwenye ubavu ule, hajui habari za ganda wala triga. Alichogusa ni chuma. Texas ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na mimi siiachi, iko mwilini mwangu, sijawahi kuiweka mezani wala mkobani. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo mama angelipata kwa kugusa.

Alhamisi usiku ndipo moyo wangu ulipogeuka. Baba watoto alikuwa amekaa kimya tangu Jumapili. Yule ni dada yake, hataki kusimama kati. Watoto walipolala akaniambia, "Twende garini tufanye mazoezi." Nikadhani anataka nimwonyeshe sefu. Akaniambia nikae kwenye usukani, yeye akasimama nje dirishani kama polisi.

Hapa kwetu, ukisimamishwa na polisi ukadaiwa kitambulisho na unayo bastola, mwenye leseni anatakiwa atoe leseni zote mbili, ya udereva na ya kubeba. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini sisi ni weusi, na wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja ambaye hatukumtaja kwa muda. Philando Castile alikuwa na miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule moja ya St. Paul, Minnesota. Tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa barabarani Falcon Heights. Alikuwa na kibali cha kubeba, na akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo silaha. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi, huku mpenzi wake na binti wa mpenzi huyo, mtoto wa miaka minne, wakiwa garini. Mwaka uliofuata, askari yule aliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama.

Castile alifanya alichofundishwa. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, na ndilo lililotutoa nje usiku.

Basi tukafanya. Dirisha chini, taa ya ndani imewashwa, mikono yote juu ya usukani, vidole vimekunjuka. Leseni zote mbili nimeziweka pamoja mbele, mbali na kiuno, nisije nikalazimika kupeleka mkono huko. Nisianze na neno bastola. Nianze na leseni: "Afande, nina leseni ya kubeba, na ninayo sasa hivi. Unataka nifanyeje?" Kisha nisiguse kitu mpaka niambiwe. Baba watoto alinikatiza, akapaza sauti, akanibadilishia amri makusudi, nami nikawa najifunza kutosogeza mikono huku mtu akinipigia kelele. Tulirudia mpaka mwili wangu ukaacha kushtuka. Alipomaliza aliweka mkono wake juu ya wangu pale kwenye usukani akasema, "Mimi ndiye ninayeogopa."

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kumjibu wifi kwamba simwogopi. Kumbe katika nyumba yangu mwenyewe kuna mtu anayeogopa kwa ajili yangu, na ameamua kuniunga mkono pamoja na hofu yake, na hakunitaka niache. Nililia kidogo, machozi ya shukrani. Wiki nzima nilihisi kama nimefanywa mgeni katika ukoo, na usiku ule nikajiona nina mtu.

Kubeba sitaacha. Nimeshaamua na uamuzi huu ni wangu. Vilevile nimeamua mapema yale nisiyoweza kuyafanya. Sheria ya Texas, kwa masharti yake, inaweza kumruhusu mtu kutumia nguvu ya kuua kuzuia wizi usiku. Mimi sitafanya hivyo. Mwenye kutaka gari langu achukue. Nimeosha maiti za vijana wengi mno kazini, na siwezi kumtoa mtu roho kwa kitu kilichokatiwa bima.

Ila kuhusu nyumba ya wifi nina neno lingine. Mwenye nyumba akisema silaha isiingie, imekwisha. Sheria iko upande wake, na hata isingekuwapo, ni nyumba yake. Jana nilimtumia ujumbe wa sauti. Sikumweleza habari za mwalimu wala za futi 1,000. Nilimwambia simwogopi, na kwamba kuanzia sasa nitakuja na gari langu, bastola itabaki kwenye sefu nje kabla sijagonga mlango, mpaka atakaposema vingine, na kama hata nje hapendi aniambie, nitaiacha nyumbani. Nikamwambia pia natamani sana kumbeba tena mtoto wake.

Ameusikiliza, nimeona. Hajajibu.

Lingine ni mama. Ameahirisha tena upasuaji wa mtoto wa jicho, safari hii anasema presha imepanda. Nimempigia kaka, naye ananiambia "iko juu kidogo, usiwe na wasiwasi." Juu kidogo ni ngapi? Hanitajii namba, na sijui kama vidonge vyake anameza kila siku au anavipunguza vimfikishe mwisho wa mwezi kama alivyofanya mwaka jana. Kesho nikitoka zamu nitampigia jirani yake aende na kile kipimo nilichotuma, ampime nikiwa kwenye simu.