Kupandisha maji Karthala

Sisi wa Unguja kilima chetu ni Masingini, nacho hakifiki hata mita 150. Mtu aliyekulia juu ya jiwe la matumbawe miguu yake haijui kupanda. Kwa hiyo shoga yangu alipoanza maneno yake ya twende Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, tukapande Karthala, volkano ya mita 2,361, nilimuuliza kama amechoka kuishi. Bibi yake mzaa mama ni Mngazija, jamaa anao tele Moroni, mji mkuu wa huko, na kila mwaka husema atakwenda kuwaona. Safari hii tiketi alikata kwanza, sisi akatuambia baadaye. Tukaandamana wanne: mimi, yeye, Ticha anayesomesha jiografia sekondari, na kijana wa Mombasa mpiga picha, begi lake la kamera zito kuliko la nguo.

Kutoka Dar si mbali; hujamaliza juisi yako mnashushwa uwanja wa ndege wa Hahaya. Barabara ya kuingia mjini inapita katikati ya mawe meusi yaliyoganda vile vile yalivyomwagika, na bahari iko pale pale pembeni. Moroni kwenyewe ungedhani uko Shangani: vichochoro, baraza, milango ya mbao, ule msikiti mweupe wa Ijumaa ulio mbele ya bandari. Ila jiwe lake jeusi. Mji wa Kiswahili uliojengwa kwa mlima badala ya matumbawe.

Tulifikia kwa bibi mmoja wa ukoo wa shoga yangu, ambaye sote tulimwita Koko, kama wenyeji wanavyowaita bibi zao. Alitupa chai na mkate wa sinia, tukala tukasaza. Kisha akatuchukua uani kutuonyesha kitu. Birika la saruji, kubwa, mfuniko wa bati, na kwenye mfuniko kufuli. Mifereji imezunguka paa zima la nyumba na kuteremka humo. Akasema maneno ambayo nusu tuliyafahamu na nusu shoga yangu aliyafasiri vibaya, lakini la msingi lilieleweka: tuoge kwa kata, na kata zenyewe zihesabike.

Mimi nilidhani ni ukali wa kibibi. Usiku ule Ticha ndiye aliyetukalisha kitako. Ngazija, alisema, ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote vinne vya Komoro. Mayotte ndicho kizee, kimekwisha kulika na kutulia. Nzwani na Mwali viko kati. Miamba ya Ngazija bado mipya, ina matundu na nyufa, haijapata miaka ya kutosha ya kugeuka udongo mzito wa kuzuia maji juu. Mvua inanyesha, tena nyingi mno upande wa magharibi wa Karthala, lakini yote inazama. Kisiwa kizima hakina mto hata mmoja wa kudumu. Maji yanateremka ndani kwa ndani mpaka chini kabisa, yanakutana na ya bahari, ndiyo maana visima vingi vya pwani vina chumvi. Mjini kuna maji yanayopigwa pampu kutoka visima virefu. Huko vijijini juu, paa lako ndilo mto wako.

Koko alikuwa akisikiliza mlangoni. Akaongeza la kwake, na hili sikulitarajia. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Watu wa vijiji vya upande wa mashariki walikimbia kwa maelfu. Lava haikuwafika, ilibaki huko huko juu kwenye kasoko, shimo la kileleni. Kilichowafika ni majivu. Yalianguka juu ya mapaa, yakateremka na mifereji, yakaingia mabirika. Ghafla makumi ya maelfu ya watu hawana maji ya kunywa, katika kisiwa ambacho moto haujaunguza nyumba hata moja. Yeye mwenyewe, alisema, alilimwaga birika lote, akaingia ndani na wajukuu kulisugua, halafu akakaa kuingoja mvua. Nilikuwa nimekuja na picha za volkano kichwani, mito ya moto na watu wanakimbia, na kumbe kwa mwenye nyumba volkano ni habari ya maji.

Asubuhi iliyofuata sikuhitaji kuambiwa tena kuhusu kata.

Siku ya kupanda tulifika Mvuni, kijiji njia inapoanzia, kabla ya alfajiri. Kaka aliyetuongoza alipata kuishi Unguja, Kiswahili chake kina lafudhi ya Darajani kabisa, na jambo la kwanza alilofanya ni kutumwagia mabegi yetu chini. Alitoa vitabu vya Ticha. Alitoa makopo ya samaki, taulo langu, viatu vya akiba vya shoga yangu. Pakabaki tupu nusu, akajaza maji. Lita tano kwa kila mmoja wetu, zake mwenyewe dumu zima mgongoni. Mpiga picha alijaribu kubishana kuhusu lenzi moja, akaambiwa kwa upole, "Mdogo wangu, lenzi hainyweki."

Watu waliopanda Kilimanjaro huidharau Karthala kwa ule urefu wake. Waache wadharau, lakini wafanye na hesabu. Lango la Marangu liko karibu mita 1,880, na siku ya kwanza unapelekwa mpaka kambi ya Mandara, 2,720. Hupandi hata mita 900, tena mizigo amebeba mwingine na jioni unakuta chai. Mvuni iko kwenye mita 400 hivi. Kutoka hapo mpaka ukingo wa kaldera, lile bonde la volkano kileleni, ni karibu mita 1,900 kwa siku moja, na kila tone utakalokunywa umelibeba mwenyewe. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimekaa juu ya kisiki, si kwa kupenda.

Mashamba ndiyo yanayokupokea: migomba, majimbi, mihogo, vanila imezungushwa juu ya miti, milangilangi iliyopindwa matawi ili maua yachumwe na mtu aliyesimama chini. Baadaye msitu. Hapo ndipo akili yangu ilipokataa kabisa kuelewa. Kila kitu kimelowa. Kuvu za kijani zimevaa miti mpaka matawini, majani yanadondosha ukungu shingoni, raba zangu zimejaa tope, ukishika shina mkono unatoka maji. Na hakuna kijito. Unasikiliza, kwa sababu masikio yamezoea kwamba msitu kama huu lazima uwe na maji yanayopita mahali, na husikii kitu ila ndege na pumzi yako. Ticha alikuwa anafurahi peke yake, anapiga mwamba kwa fimbo, anasema mnaona, mnaona. Tulikuwa tunaona. Tulikuwa na kiu pia.

Mahali pengi mipera ya porini, ile ya matunda madogo, imesonga njia. Kaka haipendi. Ililetwa, alisema, sasa inasukuma miti ya asili nje ya nyumba yake.

Juu ya msitu miti inafupika, inabaki vichaka vya erika, matawi ya kijivu na vijani vyembamba kama sindano. Ndugu wa vile vya Kilimanjaro. Huko kuna ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye vichaka vya mlima huu. Alitua karibu na shoga yangu, akamtazama, akaondoka. Mpiga picha alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Tulifika ukingoni alasiri, wingu limefunika kaldera yote, hatuoni chochote. Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi katika safari nzima, na hakina picha. Ilikuwa wakati wa sala. Maji yaliyobaki ni ya kunywa mpaka kesho mchana, kwa hiyo hakuna ubishi: tayamamu. Ubishi ulikuja hapo. Ticha aliinama kugusa changarawe nyeusi, kaka akamzuia. Sisi sote Mashafii, na kwa Mashafii tayamamu inataka udongo safi wenye vumbi. Changarawe hii haina vumbi, haishiki mkononi. Ticha akasema basi tuchukue lile jivu laini lililojaa kwenye mashimo. Kaka akauliza, jivu la kuni linafaa? Halifai. Sasa la mlima? Ticha akajibu kwamba jivu la mlima si jivu la kitu kilichoungua, ni mwamba uliosagika, kwa hiyo kijiografia ni vumbi. Kaka akasema kijiografia inawezekana, lakini yeye hasali kijiografia.

Walikwenda hivyo kwa muda, baridi inapanda, sisi wanawake tumejitanda makanga juu ya makoti tunangoja fatwa. Ticha, alipoona anashindwa, akasema angekuwepo Sayyid Ahmad bin Sumeit tungempelekea kesi yetu, kwani alizaliwa Itsandraa hapo hapo chini yetu, mwaka 1861, akawa kadhi Unguja, akafariki huko 1925. Huyo angewapatanisha Wangazija na Waunguja. Kaka alicheka sana. Hatimaye alikwenda chini ya vichaka vya erika, akafukua pale majani yalipooza na kuwa udongo, akaja na viganja viwili vimejaa vumbi la kahawia. Tukatayamamu kwalo, tukasali. Nimesali mahali pengi pazuri, lakini sijawahi kusali mahali ambapo hata vumbi lilitafutwa.

Usiku ulikuwa mkali. Hema linatoa jasho ndani, bundi analia vichakani, hakuna aliyelala vizuri. Mpiga picha alitoka nje mara kwa mara kutazama kama kuna mwanga mwekundu upande wa kasoko. Hakukuwa. Mlima ulilipuka tena Mei 2006, wakati ule mwanga wake ulionekana mpaka Moroni, na tena Januari 2007, na tangu hapo haujalipuka. Kijana aliumia moyo kidogo. Nilimkumbusha ya Koko na birika lake.

Alfajiri wingu likafunguka. Kaldera ni bonde la kilomita tatu kwa nne hivi, sakafu nyeusi, kuta zimesimama pande zote, na ndani yake shimo jingine, Chahale, ambalo ukikaribia unaanza kutembea polepole bila kuambiwa. Tuliteremka, tukavuka lava iliyopasuka vipande vipande, kuna sehemu inatoa mvuke na harufu ya salfa. Baada ya mlipuko wa Aprili 2005 humo Chahale mlikuwa na ziwa. Mlipuko wa Novemba ukaliondoa. Nilisimama pale nikafikiria kwamba mahali pekee pa juu huku maji yalipopata kutuama, hapakuachwa. Uzuri wenyewe? Ni mkubwa, lakini si wa kupendeza. Macho hayapati pa kupumzikia. Nilipenda zaidi msitu.

Kushuka sitakueleza. Magoti yangu yanaweza.

Kabla ya kuondoka jamaa wa Koko alituzungusha kaskazini mpaka Bangoi Kuni, kwenye ziwa la chumvi lililo ndani ya kasoko ya zamani ufukweni, ukuta mwembamba tu umelitenga na bahari. Ilikuwa Agosti, msimu wa harusi kubwa, jamaa wanaoishi Marseille, Ufaransa, wamejaa, kila kijiji ngoma, na njiani tulipishana na boza la maji linalopelekwa kwenye sherehe. Hadithi ya ziwa lile wenyeji wanaisimulia hivi: palikuwa na kijiji, akapita mgeni, mganga, akaomba maji ya kunywa, akanyimwa. Ardhi ikafunguka, kijiji kikazama, bahari ikaingia. Nimesikia hadithi za aina hiyo pwani yetu na siku zote niliziona ni za kufundisha watoto ukarimu. Pale nikazisikia kwa upande wa pili, wa yule aliyenyima. Kwenye kisiwa kisicho na mto, kikombe cha maji cha mgeni kinatoka kwenye birika lenye kufuli, na kiangazi hakijaisha. Nilimwambia shoga yangu sidhani walikuwa wabaya. Alisema nikae mbali na ukingo.

Walioniuliza kuhusu safari: nendeni kati ya Mei na Novemba, miezi isiyo na mvua nyingi, lakini chukueni koti la mvua hata hivyo. Msipande bila mwenyeji. Njia zinagawanyika msituni na ukungu hauna huruma. Koti la baridi la kweli, si sweta la Unguja. Faranga mkononi, kwani milimani euro haina mwenye chenji; euro moja ni faranga 492 hivi. Lita tano za maji kwa kila kichwa kwa siku mbili ndizo tulizopewa, nazo zilitosha kwa shida, kwa hiyo ongezeni moja.

Shoga yangu ameshasema mwakani Nzwani, kupanda Ntringui, kwa sababu huko kuna mito. Ticha amemwambia mingi imekauka tangu misitu ilipofyekwa, na sasa hivi yuko kwenye ramani zake anatafuta ipi bado inatiririka Agosti.