Msaada Uliojificha Ndani ya Kunusurika

Shangazi yangu alipotoka kwenye daladala iliyopinduka, kanga imechanika na kiatu kimoja hakionekani, neno lake la kwanza lilikuwa, “Nimenusurika.” Kifaransa husema survivre na Kijerumani überleben, maneno ambayo, ukiyafumua, yote mawili yanazungumzia kuishi kupita jambo fulani, kana kwamba mtu ameivuka hatari kwa pumzi zake mwenyewe. Kunusurika, kinyume chake, kunatokana na nusura, yaani msaada, neno tulilolipata kwa Waarabu, kwa hiyo ndani yake daima yupo aliyekusaidia, hata asipotajwa. Kupona nako, neno jingine la kusalimika, hakutenganishi ajali na homa: mtu hupona zote mbili. Ajabu zaidi, nusura hiyohiyo humaanisha pia karibu: “Nusura nife,” aliongeza shangazi, akiomba chai.