Muda wa ziada peke yake hautoshi kwenye mtihani wa kompyuta
Walimu wa programu, kabla ya kusema “tumeshampa muda wa ziada”, fungueni mfumo wa mtihani mkague mipangilio ya mwanafunzi huyo mwenye mahitaji maalumu. Mtihani wa dakika 120 ukiongezwa nusu unakuwa dakika 180. Tatizo ni kwamba mara nyingi kinachorekebishwa ni muda wa kujibu tu, saa ya kufunga mtihani inabaki ile ile, na dakika ya 120 ikifika mfumo unakusanya majibu wenyewe. Badilisheni vyote viwili.

Kwa asiyeona kazi ni kubwa zaidi. Kivinjari kinachozuia programu nyingine kinaweza kuzuia na kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini), kwa hiyo kijaribiwe siku kadhaa kabla, kwenye kompyuta ile ile atakayotumia. Kama kisoma skrini chake ni NVDA, awashe usomaji wa nafasi za mwanzo wa mstari (bila hizo msimbo wa lugha ya Python haufuatiliki) na alama za uandishi zisomwe zote, la sivyo mabano mengine yatarukwa. Msimbo uliopigwa picha hausomeki vizuri kwake, uandikwe kama maandishi. Grafu, yaani mchoro wa nodi (nukta) zilizounganishwa kwa mistari, je? Orodhesheni kila nodi na jirani zake, kwa mfano A: B, C, maana yake A imeungana na B na C. Ila msieleze mchoro mpaka mkatoa jibu!

Mti mwekundu-mweusi (mchoro wa data ambao kila nodi ni nyekundu au nyeusi) uwekewe herufi ya rangi ndani ya nodi. Wapo wasiotofautisha rangi.

Halafu kuna anayefanyia chumba cha peke yake. Swali likirekebishwa ukumbini, yeye ndiye husahaulika. Msimamizi wake apigiwe simu papo hapo.