XR100 ya mjomba: wiki ya tatu, na nyigu

Kwa aliyekosa mwanzo: ni Honda XR100R, kipikipiki cha vumbi, cc 99, kilicholala chini ya mwembe wa mjomba huku Kisauni miaka miwili. Nakishughulikia jioni, nikitoka kazini.

Jumatatu. Inawaka kwa choki (kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi), kiki ya tatu au ya nne. Nikirudisha choki inazima. Nikivuta mafuta inakohoa, kisha kimya. Plagi nimeikuta nyeupe kama chokaa, yaani hewa inazidi mafuta. Nikashusha kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Ile jeti ndogo, yenye kitundu cha kupitishia petroli, nikaielekeza juani: giza tupu. Nikahangaika nayo nusu saa kwa petroli na unywele mmoja wa brashi ya nailoni, mpaka kijinukta cha mwanga kikatokea. Waya wa chuma siutii humo. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likishapanuka ndiyo basi.

Jumanne. Inanguruma bila choki! Nikazunguka kiwanja kama mwendawazimu, watoto wakinikimbilia nyuma. Dakika kumi hivi, ikaanza kusitasita, ikafa. Nikasubiri kidogo, ikawaka. Dakika kumi tena, ikafa tena. Fundi wa bodaboda pale kona hata hakuinuka kwenye benchi: "Hiyo kabureta, kaka. Ifungue tena."

Nikaifungua tena. Jumatano pia. Safi kama sahani ya Idi.

Alhamisi ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya tangu Jumanne. Ilipozima tu, kabla sijagusa kitu, nikalegeza skurubu ya chini ya bakuli la kabureta. Bakuli linatakiwa liwe limejaa petroli. Yakatoka matone manne, matano. Kumbe kabureta haina kosa, ina njaa! Nikafungua kifuniko cha tanki: fsssss. Tanki lilikuwa likivuta pumzi.

Toboa mkebe wa maziwa tundu moja uone yanavyogoma kumwagika. Petroli nayo haishuki kama hewa haiingii nyuma yake. Kifuniko hiki kina kimpira chembamba cha kupumulia, na ndani yake nyigu alishajenga: udongo mkavu, mgumu, umekaa kama kizibo. Nimeutoa kwa sindano ya kushonea magunia. Ijumaa pikipiki imetembea dakika arubaini bila kusita.

Sasa tanki lenyewe. Chumvi ya bahari imelila kwa ndani, na kutu inashuka kwenye chujio la koki, ile ya kufungia petroli chini ya tanki. Nimefunga koki, nikatia siki na kiganja cha nati kuukuu, nikatikisa mpaka mabega yakaniuma, nikaliacha lilale nayo usiku kucha. Asubuhi limetoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Nimelisuuza kwa maji ya magadi, sasa limepinduliwa juani darini. Likikauka tu natia petroli, maana kwa hewa hii ya pwani kutu hairudi kesho, inarudi leo.

Mjomba kapiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamsimulia habari za nyigu. Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa. Kumbe naye ilikuwa ikimzimikia njiani, akaambiwa anunue kabureta mpya. Akanunua. Iko chini ya kitanda chake, bado imo kwenye nailoni yake.