Hifadhi ya mtandao nyumbani Nkuhungu, Dodoma: kumbukumbu ya miezi saba

Februari 9
Diski ya nje tunayoitumia nyumbani imeanza kugonga. Mlio wenyewe ni mdogo, kama wa mtu anayegonga meza kwa ukucha mara tatu, akanyamaza, kisha akarudia. Ndani yake mna gigabaiti 410: picha za watoto tangu wazaliwe, video za harusi mbili, vyeti na hati ya kiwanja vilivyopigwa picha kwa simu, pamoja na rekodi 31 za sauti ya marehemu bibi akisimulia kwa Kigogo habari za njaa, ng'ombe na safari za miguu za kwenda Mpwapwa. Usiku huohuo nimeazima diski kwa jirani na kunakili kila kitu, nikiwa nimekaa pembeni kama anayemwuguza mgonjwa, na hadi alfajiri hakuna faili lililogoma. Ile mbovu nimeifunga kwenye gazeti na kuitia mtoto wa meza. Sasa nitajenga nilichokuwa nikikiahirisha kwa miaka miwili, yaani kompyuta moja yenye diski kubwa, itakayofikiwa na simu na kompyuta zote za nyumba kupitia ruta.

Machi 2
Masanduku yaliyotengenezwa tayari, kama ya Synology na QNAP, yanarahisisha sana kazi hii, lakini bei yake kabla hata ya kununua diski ilinishinda. Nimenunua hapa mjini kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, yenye RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya diski mbili kubwa. Diski zenyewe nimezifuata Kariakoo, Dar es Salaam. Nilikwenda na kurudi kwa treni ya umeme, na safari ya kurudi nilizipakata diski mbili za terabaiti 4 zikiwa zimeviringishwa kwenye kitenge, kwa sababu diski ya sahani zinazozunguka haipendi kudondoshwa hata ikiwa imezimwa.

Muuzaji alitaka kunipa aina ya bei nafuu zaidi, nikakataa baada ya kuisoma namba yake ya modeli. Aina hiyo huandika data kwa mistari inayopandana kama vigae vya paa, hivyo ukibadilisha kitu katika mstari mmoja, diski hulazimika kuiandika upya na mistari jirani. Kwa video zinazowekwa mara moja na kuachwa haina ubaya mkubwa, lakini kwa hifadhi itakayoandikwa kila usiku inachosha. Nilipozichomeka nyumbani, kijana wangu alishtuka kuona kila moja inasomeka terabaiti 3.6 na kudhani tumepunjwa. Hatukupunjwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili, ilhali kompyuta hugawa kwa 1,024 kila hatua, na trilioni 4 ukizigawa hivyo mara nne zinabaki 3.6 na kidogo.

Machi 9
Nimeweka OpenMediaVault, mfumo wa bure wa kuendeshea seva uliojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, ambao ukishawekwa huendeshwa kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine bila kuhitaji kioo wala kibodi kwenye seva yenyewe. Diski mbili nimeziunganisha kwa RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Mafaili yanafikiwa kwa Samba, programu inayoyafungulia simu na kompyuta za nyumba, na kazi ya kunakili nimeiachia rsync. Programu zote mbili zina asili moja: Andrew Tridgell wa Australia aliianza Samba mwaka 1992, na mwaka 1996 akaitoa rsync akishirikiana na Paul Mackerras. Ninamtegemea mtu huyu kila usiku na hanijui.

Machi 15
Leo imenipotea siku nzima kwa waya. Diski ya kuazima ningeweza kuichomeka moja kwa moja kwenye seva, lakini nilitaka kuipima njia itakayotumika siku zote, kwa hiyo niliichomeka kwenye kompyuta mpakato na kuanza kunakili kwa Wi-Fi. Mwendo ulikuwa megabaiti 4 kwa sekunde, maana yake zaidi ya saa 28. Nikahamia kwenye waya ambao fundi alikuwa ameupitisha darini mwaka jana, mwendo ukapanda hadi megabaiti 11 na hapo ukakwama kabisa. Ruta, seva na kompyuta zote zina uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde, na kwa kuwa biti nane ni baiti moja, nilitarajia megabaiti 100 au zaidi. Namba 11 ilinipa fununu, kwa kuwa ndiyo unayoipata mtandao ukishuka hadi megabiti 100.

Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa kwa jozi nne. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, lakini wa megabiti 1,000 hutaka zote nne, kwa hiyo waya wenye uzi mmoja uliokatika unaweza kufanya kazi miaka mingi bila mtu kugundua kuwa una kilema. Nilichomoa kichwa cha upande wa ruta, nikakimulika kwa tochi ya simu nikiwa nimevaa miwani ya mke wangu. Nyuzi saba zilikuwa zimefika hadi chini ya meno ya shaba. Uzi wa kahawia, wa mwisho kabisa, ulikuwa umeishia njiani, umepungua kwa urefu wa punje ya mchele. Nilikata kichwa, nikapanga rangi upya kuanzia nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia hadi kahawia, nikabana kichwa kipya kwa koleo la kuazima, na mwendo ukaruka hadi megabaiti 105. Gigabaiti 410 zimekwisha kwa muda wa saa moja na nusu, kwani picha ndogondogo huenda polepole kuliko video. Diski ya jirani nimeifuta na kumrudishia pamoja na kilo mbili za zabibu.

Machi 28
Mvua za mwisho zinaondoka na umeme unakatika katikati ya radi. Kukatika peke yake hakunitishi sana, kwa kuwa mfumo wa mafaili ninaoutumia, ext4, huandika kwanza daftari la kinachotaka kufanyika, na umeme ukirudi hulisoma ili kujua kazi ipi ilikatishwa. Kinachonitisha ni umeme kurudi kwa kishindo. Nimenunua UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 650 na kuiunganisha na seva kwa waya wa USB, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Kwa jaribio la leo imedumu dakika 22.

Mita ya plagi inaonyesha kuwa seva inakula wati 36. Ikiwaka mchana na usiku ni uniti 26 kwa mwezi, na mke wangu, ambaye ndiye anayenunua Luku, aliniuliza swali ambalo hakuna mwongozo niliousoma uliolijibu: "Baba watoto, hizo picha zinaangaliwa saa nane usiku na nani?" Nimeiwekea saa ndani ya BIOS, ile programu ya kuiamsha kompyuta, nayo inawaka yenyewe saa 1 usiku, inapokea nakala, na saa 5 inajizima. Matumizi yameshuka hadi uniti 4 na kidogo. Wako wanaosema diski huchakaa kwa kuwashwa na kuzimwa. Kwa mara moja kwa siku mimi siogopi, na kwa umeme wetu nadhani diski iliyolala iko salama zaidi.

Mei 17
Nimefanya kosa, nami naliandika lilivyo. Nilikuwa nikipanga folda za seva nikiwa nimechoka, nikaona folda mbili zenye jina "Bibi", nikadhani moja ni marudio, nikaifuta. Haikuwa marudio. Ile iliyobaki ilikuwa na picha za mazishi peke yake, na rekodi zote 31 zilikuwa kwenye ile niliyoifuta. RAID ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ikafuta kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1988, Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipoeleza RAID, lengo lao lilikuwa diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya moja ya ghali na kazi isisimame moja ikifa. Hawakumwahidi mtu kwamba akifuta kwa mkono wake mwenyewe atarudishiwa. Jambo hili nilikuwa nimelisoma zaidi ya mara moja, na bado nililala miezi miwili nikijiambia nina nakala mbili.

Iliyobaki ni diski mbovu, ile ya ndani ya gazeti. Niliichomeka saa 3 usiku. Ilisomeka jaribio la nne, nikaiambia programu ichukue folda ile moja tu na isiguse kitu kingine. Iligonga usiku kucha, na kulipokucha nilikuwa na rekodi 30. Ya 31, ya dakika 18, haikusomeka, wala haijasomeka tangu hapo. Ni ile ya safari ya Mpwapwa.

Mei 24
Nimevunja RAID. Diski ya kwanza sasa ndiyo ya kazi, na ya pili inapokea nakala kila usiku kwa rsync katika folda yenye tarehe ya siku hiyo. Rsync inalinganisha na nakala ya jana: faili lisilobadilika haliandikwi upya, linapewa tu jina jingine linaloelekeza palepale kwenye diski, na lililobadilika au jipya ndilo linalochukua nafasi. Kwa hiyo ninaweza kufungua folda ya siku yoyote na kuikuta kamili, huku siku 60 zikichukua nafasi iliyozidi ya siku moja kwa kiasi kidogo tu. Diski ya pili haionekani kabisa kwenye mtandao wa nyumba, ili kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha, kikiingia kupitia kompyuta ya mtoto, kisiifikie kupitia Samba.

Julai 6
Kiangazi kimekolea na upepo wa Dodoma haubishi hodi. Nilipofungua sanduku la seva nilikuta vumbi jekundu limelala juu ya feni kama unga wa ulezi, na diski zimefika nyuzijoto 46. Nimepuliza nje kwa pampu ya baiskeli huku nikiizuia feni kwa kidole, nimefunika tundu la hewa kwa kipande cha soksi ya nailoni, na kulihamisha sanduku kutoka sakafuni hadi juu ya kabati. Sasa ni nyuzi 39. Soksi hufuliwa kila Jumamosi.

Agosti 3
Nakala ya tatu lazima ikae nje ya nyumba, kwa sababu mwizi au moto havichagui diski. Kupakia gigabaiti 410 kwenye intaneti kwa megabiti 5 kwa sekunde, mwendo ninaoupata mimi, kungechukua siku saba na nusu bila kupumzika, na bando lake sitaki hata kulihesabu. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 1, nikaifunga kwa nywila kwa kutumia LUKS, njia ya Linux ya kufunga diski, nikanakili kila kitu na kuhakiki kwa sha256, hesabu inayolipa kila faili alama yake, kwamba kila faili ni sawasawa na lile la seva, kisha nikampelekea dada yangu Kondoa, yapata kilomita 160 kwa basi. Ameiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Agosti 31
Tumekwenda Kondoa kusalimia, nami nikaona nifanye jaribio ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kujisifu. Nilimpa mke wangu bahasha yenye nywila na kumwomba aitoe hati ya kiwanja kwenye ile diski kwa kutumia kompyuta ya shemeji, mimi nikiwa nimekaa uani. Haikupita dakika moja akaniita.

"Inauliza kama niifomati," alisema, kidole kikiwa tayari kwenye kipanya. "Nibonyeze ndiyo?"

Kompyuta ya shemeji ni ya Windows. Haitambui LUKS wala ext4, kwa hiyo diski yenye kila kitu chetu iliiona kama diski tupu, na kwa adabu kabisa ikajitolea kuifuta. Kama mimi ningekuwa hospitali au kaburini, yeye angebonyeza ndiyo, na asingekuwa na kosa lolote.

Septemba 13
Diski ya Kondoa nimeijenga upya. Sasa mfumo wake wa mafaili ni exFAT, unaosomeka kwenye Windows, Mac na Linux, na ndani yake mna VeraCrypt, programu ya kufunga na kufungua kwa nywila, pamoja na hifadhi moja iliyofungwa. ExFAT haikubali yale majina mawili kwa faili moja, hivyo diski hii inabeba nakala ya mwezi tu, bila historia ya siku 60, nami nimeridhika. Juu ya ganda nimebandika karatasi: "USIFOMATI. Fungua SOMA KWANZA." Faili hilo lina hatua sita kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeandika tisa, mke wangu akafuta tatu akisema zilikuwa za kunifurahisha mimi.

Leo jioni amelifanya jaribio lote peke yake kwenye kompyuta aliyoiazima kazini kwake. Imemchukua dakika 14, na kati ya hizo tano zilikwenda kutafuta bahasha, ambayo nimeagizwa kuihamishia kwenye faili la vyeti vya watoto. Hati ya kiwanja ilifunguka. Kisha, bila kuombwa, alibonyeza rekodi ya kwanza ya bibi, na sauti ikatoka kwenye spika ndogo ikisema "Mbukwenyi." Diski inarudi Kondoa kwa basi la Jumamosi, na mbovu bado iko kwenye mtoto wa meza ndani ya gazeti lake, kwa kuwa sijakata tamaa na rekodi ya 31.