Sarafu Iliyonyamaza

Desemba ya 1974, San Antonio, Texas, upande wa magharibi wa mji, nilipewa kazi moja tu: kusikiliza sarafu.

Tamale ni unga wa mahindi uliotiwa nyama, ukafungwa kwenye ganda la mahindi na kuivishwa kwa mvuke. Sufuria yake ni ndefu. Ya bibi, ikiwa juu ya jiko, ilinizidi kimo. Chini hutiwa maji, juu ya maji huwekwa bati lenye matundu, na juu ya bati tamale husimamishwa zikiegemeana. Ukishafunika hufunui ovyo, maana mvuke ukitoroka unga unakaa mbichi katikati. Sasa utajuaje maji yamebaki kiasi gani? Bibi alitupia senti tano chini kabisa kabla ya kupanga. Maji yakichemka sarafu hurukaruka na kugonga bati, kri-kri-kri. Ikinyamaza, sufuria imekauka. Hiyo, alisema bibi, ni kazi ya mtoto wa miaka kumi, kwa sababu watu wazima wanaongea mno.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza siku mbili nyuma, na mahindi kilo tisa yaliyochemshwa na gramu 90 za chokaa. Majirani zangu wa Tanga, ninakoishi sasa, hawashangai chokaa. Ni ile ile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Wanashangaa kuiona ikitiwa kwenye mahindi. Lakini bila chokaa unga wa mahindi hutoa uji au ugali, haunati ukatandazika. Chokaa inailegeza ngozi ya punje. Ukizidisha, mahindi yanageuka manjano na kuwa na ladha ya sabuni. Ukipunguza, ngozi haitoki hata uyafikiche hadi vidole viume. Bibi hakutumia saa. Kila baada ya muda alitoa punje moja, akaisugua kwa kidole gumba, na ngozi ilipoteleza tu akaepua, akayaacha kwenye maji yake mpaka asubuhi. Kidole kile aliwahi kukitumia kubangulia karanga za pekani, kazi ya wanawake wengi wa Kimeksiko wa mji wetu. Alikuwa mmoja wa wale maelfu waliogoma mwaka 1938 wakiongozwa na Emma Tenayuca, mtetezi wa wafanyakazi. Alipata kutuambia kwamba mgomo ulikuwa rahisi kuliko kuwapikia mashemeji.

Asubuhi tuliyaosha mara nne, tukayapeleka mashine. Ya tamale husagwa kwa chenga kidogo. Laini ni ya chapati za tortiya. Kisha mafuta ya nguruwe, kilo moja kwa kila kilo tatu za unga ule mbichi, yakapigwa kwa mkono peke yake kwanza mpaka yakawa meupe na mepesi. Hapo ndipo wengi huharibu: wanamimina vyote pamoja, tamale zinatoka nzito kama matofali. Unga uliingia kidogo kidogo, pamoja na chumvi, bekingi pauda na supu ya nyama, supu vuguvugu, kwani ya moto huyayeyusha mafuta. Kipimo ni glasi ya maji baridi. Dondosha kidonge cha unga: kikielea, acha kupiga, kikizama, mkono urudi beseni. Cha mama mdogo kilizama mara tatu, na kila kilipozama alimtazama mama yangu kana kwamba yeye ndiye aliyekizamisha. Walikuwa wamegombana kuhusu nani amelipia nyama.

Mezani tulikuwa wanawake na watoto kumi na mmoja. Nikisema meza namaanisha mlango uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ganda la mahindi lililolowekwa hushikwa upande laini ukiwa juu. Ukitandaza unga kwenye upande wenye mistari, utanasa. Unga uwe mwembamba, usifike kwenye ncha, nyama yenye pilipili nyekundu mstari mmoja katikati, kunja kushoto, kunja kulia, pindua ncha. Bibi aliongea Kihispania tu. Mama alisoma enzi ambazo mtoto Texas aliweza kuchapwa kwa kusema Kihispania uwanjani mwa shule, basi sisi wanawe alitusemesha Kiingereza. Kwa hiyo bibi alinielekeza kwa kunishika mkono, na kwa neno moja, mija, ambalo kwake lilikuwa binti, harakisha, acha na pole.

Mimi nilikuwa na picha. Niliikata kwenye gazeti, tangazo la vyombo vya mezani. Baba mwenye tai anakata bata mzinga, mama kakaa, watoto wawili wamenyooka migongo. Viti vinne. Hakuna bibi, hakuna mama wadogo, hakuna mtu aliyelala sebuleni. Baba yangu aliendesha lori la mboga kutoka Bonde la Rio Grande hadi Chicago, na alikuwa amepiga simu kwa jirani kwamba mkesha wa Krismasi saa kumi na mbili jioni atakuwa nyumbani. Nilihesabu: baba, mama, mimi, mdogo wangu. Wanne kamili.

Sufuria ya kwanza, dazeni nane, ilipanda jikoni saa tisa alasiri. Muda wa saa moja na nusu unatosha. Kama saa kumi hivi, sarafu ikiwa bado inapiga, niliponyoka kwenda chumba cha nyuma. Nilikunjua meza ya karata, nikatandika shuka jeupe, nikapanga sahani nne na uma nne, ingawa tamale hailiwi kwa uma nyumbani kwetu. Vitambaa vya kwenye picha vilikunjwa kama feni. Sikujua vinakunjwaje. Nilijaribu, nikakunjua, nikajaribu tena.

Harufu ya tamale zilizoungua si kama ya ukoko wa ugali, ambao watu huugombania. Ni moshi wa maganda makavu, mchungu, na hupanda mpaka safu ya juu kabisa. Nilipofika mlangoni mama mdogo alikuwa tayari ameshika jagi la maji ya bomba. Bibi alimpiga kofi la mkono. Sufuria iliyokauka haitiwi maji: moshi wote hulipuka na kuingia kwenye unga, na maji baridi huua mvuke. Waliliepua bati zima na mzigo wake, wakalihamishia kwenye sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, wakafunika kwa taulo bichi ili matone ya kifuniko yasidondokee tamale.

Kisha bibi akauliza ni nani aliyekuwa na hasira. Kwetu inaaminika kwamba tamale hazikubali kuiva nyumba yenye ugomvi. Macho yote yakamgeukia mama mdogo. Utepe wa ganda ulifungwa kwenye mkono wa sufuria kwa niaba yake, akaamrishwa kucheza akilizunguka jiko, na akacheza, na aproni yake yenye unga, akilia na kucheka. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sarafu. Mpaka leo sijamwambia mama mdogo.

Tamale zikitoka jikoni hazifunguliwi papo hapo. Unga bado ni tepetepe. Zinataka robo saa, zimetandazwa, zikiwa hazijalaliana, mpaka ganda libanduke lenyewe. Mlango wa mapipani ulikuwa umejaa tamale mbichi. Binamu mmoja akapiga kelele kwamba huku nyuma kuna meza tupu.

Baba aliingia saa tano usiku, wengine wakiwa wameshatangulia misa. Alisimama kwenye chumba cha nyuma na koti lake, kati ya dazeni tatu za tamale zilizopangwa juu ya shuka langu, pilipili ikishachora duara nyekundu chini ya kila moja. Akaokota moja yenye kitako cheusi, akaumega ule weusi kwa dole gumba, akala amesimama. Maganda aliyatupia kwenye sahani iliyokuwa karibu, pembeni ya kitambaa nilichoshindwa kukikunja. Aliniuliza kama kuna kahawa.