Nilivyoondoa fukuto chumbani baada ya feni ya maji kunishinda

Feni ya maji, ile yenye tangi inayopuliza hewa iliyopitishwa kwenye maji, ni chombo kizuri, ila si cha Unguja. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila upepo wa Kaskazi ukilegea, masika hayajaingia, watu huanza kushauriana kuinunua. Mimi nilishauriwa na jamaa aliyekaa Dodoma miaka mingi. Kwa huko alisema kweli: hewa ni kavu, ukitundika shuka mbichi dirishani chumba kinapoa, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa. Akaniambia na madirisha niyafunge. Nikafuata yote.

Saa ya kwanza upepo ulikuwa wa baridi. Kufika usiku wa manane shuka la kitandani lilikuwa chepechepe, jasho linachuruzika mgongoni wala halikauki, na asubuhi chumvi kwenye kikopo imeyeyuka. Siku ya nne koga jeusi limeota nyuma ya kabati na kwenye kanzu zilizotundikwa ukutani. Watu wakaniambia niongeze barafu kwenye tangi la feni. Barafu ikaisha, unyevu ukabaki.

Kinachomaliza ubishi kama feni hiyo inafaa kwako ni vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kivike ncha yake kitambaa cha pamba kilichorowa, kisha vipepee vyote viwili kwa feni ya kawaida dakika tano. Chumbani kwangu, saa nne usiku, kikavu kilisoma 28, kilichorowa 26. Nyuzi mbili hizo ndizo zote ambazo maji yangeweza kuniondolea, feni iwe mpya au kuukuu. Mahali pakavu tofauti hupita nyuzi 10, na ndiyo maana shuka mbichi linafaa kule.

Jasho letu linafuata kanuni hiyohiyo. Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, awe mtu wa Micheweni kule Pemba au wa Norway. Mgeni akikaa kwenye joto wiki moja hadi mbili mwili wake huzoea: jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Lakini jasho linalodondoka chini halipozi mtu, hupoza lile linalokauka juu ya ngozi. Pwani yenye unyevu kama yetu, kinacholikausha ni upepo. Basi nyumba ya huku ijengwe kwa ajili ya upepo, na kivuli kiwe juu ya paa.

Nilianza na madirisha. Kizingiti cha chini kilikuwa kimo cha mita moja na zaidi, kwa hiyo upepo ulipita juu ya mtu aliyelala. Fundi alivunja matofali hadi sentimita 50 kutoka sakafuni, usawa wa kitanda, upande wa kaskazini mashariki unakotoka Kaskazi, na dirisha lingine upande wa kusini kwa ajili ya upepo wa Kusi. Dirisha moja halitoshi, hata liwe kubwa vipi, kwani upepo usio na pa kutokea hauingii. Godoro la sponji nalo huzuia hewa mgongoni. Kitanda cha kamba na mkeka vinashinda. Chandarua hupunguza upepo sana, kwa hiyo tundika cha pembe nne, kipana, kisigusane na mwili.

Kisha joto la juu. Nyumba ya theluji ya Wainuit, wenyeji wa nchi za baridi kali za kaskazini, huwekwa mlango wake chini ya usawa wa pa kulalia, hewa ya moto ikwame juu wanakolala. Sisi tunataka kinyume chake, ipate pa kutokea. Nilitoboa matundu chini ya paa kwenye kuta mbili zinazokabiliana, nikayawekea wavu wa kuzuia popo. Dari niliyoipiga zamani bila matundu ilikuwa inahifadhi joto la bati hadi usiku.

Bati lenyewe ndilo adui mkubwa. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi hapa kwetu, kwa hiyo paa hupigwa kuliko kuta. Nilipandisha makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyoungwa kwa kuezekea, juu ya bati, na hapa wengi hukosea: huyalaza moja kwa moja. Makuti yakigusa bati hushika maji na bati huoza kwa kutu. Mimi nilipigilia boriti ndogo kwanza, fito juu yake, nikaacha nafasi ya sentimita 10 hivi hewa ipite. Mwinamo uwe mkali, nyuzi 45 ikiwezekana. Ukiwa mlalo, maji yanakawia na makuti yanaoza kabla ya wakati wake. Yote pamoja, kwa kuwa makuti nilisukiwa na majirani, haikuzidi sana bei ya ile feni.

Mambo mawili ya kuangalia. Maji ya mvua yanayopita kwenye makuti hutoka rangi ya chai, kwa hiyo mfereji wa tangi la kunywa uhamishie kwenye bati tupu la ukumbi. Na jiko la kuni liwe uani, mbali, upande ambao Kusi wala Kaskazi haitapeleka cheche kwenye paa.